Alizeti imechanua, mbegu hazimo: namna ya kusoma dalili shambani

Mwezi Machi, ukipita barabara ya Dodoma kwenda Singida, alizeti huwa imechanua pande zote mbili, na wenye magari husimama wapige picha. Shamba hilo hilo lililopigwa picha linaweza kutoa gunia kumi kwa ekari, na linaweza kutoa mawili. Barabarani huwezi kujua. Zile ndimi za njano zinazozunguka kichwa hazizai kitu, kazi yake ni kuita wadudu. Mbegu hutoka kwenye vijiua vidogo vilivyosongamana ndani ya duara, na hivyo ndivyo vinavyopaswa kumshughulisha mkulima.

Mwongozo huu unafuata hali ya ukanda wa kati: Singida, Dodoma na sehemu za Manyara, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa aliye Iringa, Njombe au Rukwa, mengi ni yale yale, ila magonjwa ya ukungu yatamsumbua zaidi na ukame utamsumbua kidogo. Sikufuata mpangilio wa kuanzia kupanda hadi kuvuna. Nimeanza na tatizo linalouma kuliko yote.

Kichwa kikubwa, mbegu mapepe

Kata vichwa kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, si vya pembezoni tu. Bonyeza mbegu kwa kucha: yenye kiini hugoma, pepe hubonyea. Lakini usipukuchue kwanza. Tazama mapepe yamekaa sehemu gani ya kichwa, maana hapo ndipo utakapopata sababu.

Vijiua vya alizeti havifunguki siku moja. Huanzia ukingoni na kusogea kuelekea katikati, pete baada ya pete, kwa muda wa siku tano hadi kumi hivi. Kila kijiua hutoa chavua kwanza, na kesho yake ndipo sehemu ya kike hujitokeza kuipokea chavua ya wenzake. Kwa hiyo kichwa ni kalenda: ukingo ni siku za mwanzo za kuchanua, katikati ni siku za mwisho.

*Mapepe yako katikati, kandoni mbegu zimeshiba.* Mmea uliishiwa maji au chakula kabla ya kumaliza kazi. Mbegu za kandoni hutangulia kujazwa, za katikati hupewa kilichobaki. Kitovu kidogo kitupu si ugonjwa, hata shamba zuri huwa nacho. Eneo tupu likikaribia nusu ya upana wa kichwa, ndipo pana kisa. Ukanda huu kisa chenyewe mara nyingi ni tarehe ya kupanda. Alizeti huchukua takriban miezi miwili kuanza kuchanua, kwa hiyo iliyopandwa mwishoni mwa Januari huchanua mwanzoni mwa Aprili, mvua ikiwa inaaga, na mbegu hujazwa kwenye udongo mkavu. Wengi hutanguliza mahindi na kuiachia alizeti siku zinazobaki, kwa sababu inasifika kuvumilia ukame. Huvumilia kweli, kwa maana ya kutokufa. Kujaza mbegu bila maji ni habari nyingine.

Kama ulipanda mapema, katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Januari, na bado katikati pako tupu, pima nafasi. Sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo, hutoa mimea kama 18,000 kwa ekari. Aliyeacha miche miwili au mitatu kwenye shimo, kwa kuona huruma ya kung'oa, ana mimea mara mbili au tatu ya hiyo, na yote inagombea maji yale yale. Punguza miche ikiwa na urefu wa kiganja. Ikishafika magotini umechelewa, imekwisha kunyang'anyana.

*Mapepe yamekaa kama pete, ndani na nje ya pete mbegu ni nzuri.* Kuna siku mbili tatu ambazo uchavushaji haukufanyika. Huenda mvua ilinyesha mchana kutwa na nyuki hawakutoka, huenda joto lilikuwa kali mno, huenda mtu alipiga dawa. Ukiona pete hiyo kwenye vichwa vingi vilivyochanua wiki moja, jikumbushe hali ya hewa ya wiki hiyo, kisha ulizana na jirani alipiga dawa lini. Kwa msimu huo hakuna cha kufanya, ila utajua kwamba si mbegu wala mbolea iliyokuangusha.

*Mapepe yametawanyika kichwa kizima.* Nyuki hawatoshi. Ingia shambani kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua likiwa limechangamka. Ukitembea mstari mzima usisikie mvumo, tatizo unalo. Aina za zamani zinazochavushwa wazi, kama Record, hutegemea sana chavua ya mmea mwingine. Chotara nyingi za sasa, yaani mbegu zinazotokana na kukutanisha wazazi wawili tofauti, huweza kujichavusha kwa kiasi, ila nazo hujaa vizuri zaidi nyuki wakiwapo. Tiba ni mizinga, na mkoa wa Singida hauna uhaba wa wafugaji wa nyuki, hasa upande wa Manyoni na Itigi. Patana na mmoja alete mizinga vichwa vya kwanza vinapoanza kufunguka. Ikiletwa mapema kabla maua hayajafunguka, nyuki watazoea maua ya porini na kuendelea kwenda huko. Iwekwe mbali na njia ya watoto na mifugo, maana nyuki wetu hawana utani. Na kama ni lazima kupiga kiuatilifu alizeti ikiwa kwenye maua, piga jioni jua likizama, nyuki wakiwa wamerudi.

*Mapepe yameambatana na kichwa kilichopinda au shina lililopasuka.* Hapo shuku upungufu wa madini ya boroni, ambayo alizeti huyahitaji kuliko mazao mengi. Majani machanga ya juu huwa magumu, yenye kukatika upesi, na hugeuka rangi ya shaba. Shina hupata mpasuko wa kukingama chini kidogo ya kichwa, na wakati mwingine kichwa hudondoka chote kama kilichokatwa kwa kisu, mkulima akadhani ni wezi au watoto. Dalili huanzia juu kwa sababu boroni haihami kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya. Hutokea zaidi kwenye udongo wa kichanga, na ukame huikuza, kwa sababu mizizi huipata boroni kupitia maji.

Usinunue boroni kwa kukisia. Peleka sampuli ya udongo maabara, kwa mfano kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, au muulize afisa ugani sampuli za wilaya yako hupelekwa wapi. Ikithibitika, kiwango cha kawaida ni kilo 1 hadi 2 za boroni halisi kwa hekta, yaani ekari mbili na nusu hivi. Boraksi ina asilimia 11 tu ya boroni, hivyo ni kama kilo 4 hadi 7 za boraksi kwa ekari, zikitawanywa sawasawa kabla ya kupanda. Usiiweke ndani ya shimo pamoja na mbegu. Tofauti kati ya kiasi kinachofaa na kinachounguza ni ndogo, na mazao ya msimu unaofuata, maharage hasa, yanaweza kuungua kwa boroni uliyoizidisha mwaka huu. Samadi iliyooza vizuri husaidia kwa namna mbili: huongeza boroni kidogo, na hushika maji.

Shamba moja, mimea ya kila namna

Mmoja kimo cha mtu, mwingine kimo cha meza. Huu una kichwa kimoja, ule umetawanya vichwa saba vidogo. Umeshachanua huku, kule bado. Swali la kwanza ni moja: mbegu ilitoka wapi?

Kama ilitoka kwenye mavuno ya chotara ya mwaka jana, usitafute zaidi. Chotara kama Hysun 33 hutokana na kukutanisha wazazi wawili tofauti, na kizazi cha kwanza hufanana vizuri. Ukipanda mbegu uliyovuna kwenye kizazi hicho, sifa za wazazi hutengana. Mzazi dume wa chotara nyingi za alizeti ni mmea wenye matawi, na sifa hiyo hujificha katika kizazi cha kwanza, kisha hujitokeza katika cha pili, kwa robo ya mimea hivi. Mzazi jike naye hufanywa asitoe chavua, na katika kizazi cha pili baadhi ya mimea hurudia hali hiyo. Pitisha kidole kwenye kichwa kilichochanua: kisipoacha vumbi la njano hata kidogo wakati wenzake wanaacha, umekutana nao. Shamba la namna hii hupendeza sana kwa macho, vichwa vingi, kimo cha kila aina. Wapiga picha hulipenda. Mizani hailipendi.

Record si chotara, kwa hiyo mbegu yake unaweza kuitunza. Shida ni kwamba nyuki husafiri kilomita kadhaa, na kama majirani wana aina nyingine, baada ya misimu michache unachokiita Record kimebaki jina. Rudi dukani kila baada ya misimu miwili mitatu, nunua mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na uihifadhi lebo pamoja na risiti. Mbegu isipoota, hivyo ndivyo utakavyodai navyo.

Mmea mmoja mmoja wenye vichwa vingi katikati ya shamba linalofanana hauna maana hiyo. Huenda mbuzi au mdudu alikula ncha ukiwa mchanga, ukachipuza pembeni.

Mistari ina mapengo

Fukua shimo lisilo na mche. Usipokuta mbegu, imeliwa: panya, kindi, kwale na kanga huifukua usiku au alfajiri, na pengo huwa refu kwa kufuata mstari. Ukiikuta imeoza au haijabadilika, mbegu ilikuwa mbovu au ardhi haikuwa na unyevu. Ukikuta chipukizi limejikunja chini ya ardhi, ulifukia kina kirefu au udongo umefanya ganda gumu baada ya mvua ya kishindo. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Ukikuta mche umelala, umekatwa usawa wa ardhi, chimbua pembeni kidogo: sota, yule funza anayekata miche, atakuwa amejikunja hapo hapo, mnene, wa kijivu. Mashamba yaliyolimwa mapema na kuachwa bila majani wiki mbili kabla ya kupanda huwa na sota wachache.

Jaribio la kuota halina gharama. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zikae kivulini siku saba. Zikiota chini ya 80, ongeza mbegu shimoni au tafuta nyingine. Jihadhari na mbegu iliyovunwa juzi tu, kwani alizeti mpya hulala wiki kadhaa kabla ya kukubali kuota, na jaribio litakudanganya kuwa imekufa.

Majani yanasema kitu

Majani ya chini yamekuwa njano huku ya juu yakiwa ya kijani: nitrojeni imepungua, au mmea umezeeka na ni halali yake. Tazama umri kabla ya kukimbilia mbolea. Ukikuzia kwa urea nyingi utapata majani mapana, shina laini na mbegu yenye mafuta kidogo.

Majani na shina vimejisokota, jani limekuwa jembamba lenye mishipa iliyosimama, na tatizo liko upande mmoja wa shamba unaopakana na mahindi: hiyo ni dawa ya magugu kutoka kwa jirani. Dawa kama 2,4-D huua mimea ya majani mapana, na alizeti ni mmoja wao. Upepo mdogo unatosha kuileta. Hapa dawa ya kunyunyiza hakuna, yapo mazungumzo, na ni bora yafanyike kabla ya msimu kuliko mbele ya balozi wa nyumba kumi.

Mmea umedumaa, majani yamekunjamana na kupauka kufuata mishipa, na chini ya jani kuna ukungu mweupe asubuhi yenye umande: ubwiri vinyoya. Dalili inayomaliza ubishi huja baadaye. Kichwa hutazama juu moja kwa moja, kidogo, hakiinami hata kikikomaa, na mbegu hazimo. Mmea wa namna hiyo hauponi. Ng'oa mapema, uondoe shambani. Vimelea hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo usirudishe alizeti hapo haraka, na ung'oe ile inayojiotea yenyewe.

(Kwa wanaoanza: alizeti iliyokomaa kutazama mashariki siku nzima si ugonjwa. Kitumba kichanga ndicho kinachofuata jua. Kichwa kikishafunguka hutulia kikiangalia mawio.)

Vipele vya unga wa rangi ya kahawia vinavyoacha alama kidoleni ni kutu. Madoa meusi yanayopanuka na kuungana, yakipanda kutoka majani ya chini wakati wa mvua za mfululizo, ni madoajani. Yote mawili yakija baada ya mbegu kujaa, yaache. Yakija kabla ya kuchanua, muone afisa ugani na uchague kiuatilifu kilichosajiliwa kwa kazi hiyo na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kununua chupa kwa sababu jirani aliitumia kwenye nyanya ni kutupa fedha.

Mmea umelala au umekauka ghafla

Ulioanguka na mizizi yake nje: chimba pembeni, utazame mzizi mkuu. Ukikuta umepinda kama kiwiko kwenye kina cha sentimita 15 hivi, jembe la kukokotwa na ng'ombe limepita kina kile kile miaka na miaka, na chini yake udongo umekuwa sakafu. Alizeti ina mzizi unaoweza kwenda chini zaidi ya mita moja kutafuta maji, na uwezo huo wote umezibwa. Vunja tabaka hilo wakati wa kiangazi kwa jembe la kuchana, hata kama ni kwa kufuata mistari ya kupandia tu. Jambo hili hupuuzwa mno, nami naliona kubwa kuliko aina ya mbolea.

Uliosimama lakini umekauka kabla ya wakati, shina la chini likiwa la kijivu: pasua shina kwa urefu. Ukiona vidoa vyeusi vingi, vidogo kuliko punje ya mchanga, ni uozo mkaa, ugonjwa wa ukame na joto. Kubadilisha zao kwa mtama au mahindi hakuumalizi, nayo huugua. Kinachosaidia ni nafasi nzuri na udongo unaoshika maji. Ukiona ukungu mweupe wa pamba na vipande vyeusi vigumu, vikubwa kama mbegu yenyewe au zaidi, ni uozo mweupe, unaopenda baridi na unyevu. Huo hushambulia pia maharage, kwa hiyo zungusha na mahindi, mtama au uwele.

Kichwa kinaoza kuanzia mgongoni

Mvua zikichelewa kuondoka, mgongo wa kichwa hulainika na kuwa wa kahawia. Mara nyingi kuna tundu: funza wa vitumba alipita, au ndege alidonoa, kisha ukungu ukaingia kwenye kidonda. Ukipasua na kukuta kinyesi cha funza, ulipaswa kumshughulikia kwenye kitumba, akiwa bado mdogo na yuko nje. Akishaingia ndani dawa haimfikii, utaua nyuki tu.

Ndege wao hupenda shamba linalokomaa peke yake. Majirani wakipanda wiki moja, hasara hugawanyika. Aliyepanda mwezi mmoja kabla au baada ya wenzake ndiye huwalisha wote. Walinzi, mikanda ya kaseti na makopo husaidia siku za kwanza, ndege wakishazoea hawasaidii tena. Kuvuna kwa wakati kunafanya zaidi: mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka njano kwenda kahawia, kata, ukaanike nyumbani.

Gunia limejaa, mizani inakataa

Mapepe hujaza gunia kama mbegu. Pepeta kabla ya kufunga, na uuze kwa kilo. Anayenunua kwa gunia, tena la lumbesa lililojazwa kupita kiasi, hana sababu ya kukulipa kwa mbegu iliyoshiba.

Gunia likiwa na joto ndani ukitumbukiza mkono, mbegu haikukauka. Unyevu usizidi asilimia 9. Juu ya hapo huvunda, na mafuta yake huchacha mapema hata yakichujwa vizuri. Anika juu ya turubai, si chini, kwa sababu mchanga hula mashine na mwenye mashine atakukata bei. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Mwenye mashine akisema mbegu yako haina mafuta, mambo matatu yachunguzwe kabla ya kukubali: ulivuna kichwa kikiwa bado kijani, aina uliyopanda ina ganda nene na kiini kidogo, au mashine yenyewe imelegea. Hilo la tatu unalipima pale pale. Shika konzi ya mashudu yanayotoka na uyafinye kwa nguvu. Kiganja kikibaki na mafuta, mafuta yako yanaondoka na mashudu, na kama mashudu anachukua mwenye mashine, una haki ya kumwomba akaze kabla hajaendelea na gunia la pili.